Mwaka Tulioandika Majina Yetu

Alimasi tulimzika katika mji wa Baraka siku ya Jumanne. Alhamisi nilikuwa bado nimekaa kwenye mkeka wa matanga, ubavuni mwa nyumba yake, nikinywa chai ya tangawizi, wakati mjukuu wake Idi aliponipandisha hasira. Hakukusudia. Ni kijana mwenye adabu, ana shahada ya uchumi, na alikuja kukaa karibu nami kwa sababu aliambiwa kwamba mimi na babu yake tulisoma darasa moja. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema yuko kwenye stage, yaani mafunzo ya kazini, katika ofisi moja ya misaada, yeye na wenzake watano, miezi saba sasa, na hawajaanza kulipwa. "Banasema kuko crise, babu. Bazungu benye banatuma franga bamepunguza. Lakini fasi moja itabakia, moja tu. Mi nafanyaka kazi ya batu babili. Nafika wa kwanza, natoka wa mwisho. Batanibakisha tu." Alisema hivyo akitabasamu, na mimi nikaweka kikombe chini. Wazee wawili waliokuwa karibu walidhani msiba umenizidi. Haukuwa msiba. Ilikuwa hasira ya zamani sana, niliyodhani nimeimaliza chuoni kwa vitabu, kumbe ilikuwa imekaa tu ikinisubiri. Watu wa rika langu husifiwa kwa utulivu. Mimi sina. Mwili umezeeka, maswali hayajazeeka, na swali la kwanza kati ya hayo lilizaliwa katika mwaka mmoja ambao sijawahi kuuandika: miaka mitatu kabla ya uhuru wa Kongo, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na minane na diploma ndani ya bahasha.

Shule yetu ilikuwa école moyenne ya misheni, shule ya kutoa makarani, na mle ndani tulipangwa kwa namba. Kila Jumamosi mwalimu alisoma nafasi zetu kwa sauti, na tulikaa darasani kwa mpangilio huo, wa kwanza karibu na dirisha, wa mwisho karibu na mlango. Hata chumba cha kulia kilifuata namba. Wa kwanza alichagua samaki wake, wa mwisho alipewa mchuzi na mkia. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa miaka mitatu, na nilichagua samaki kwa miaka mitatu bila kujiuliza lolote. Alimasi, ambaye padri alimwandikisha kwa jina la Albert kwa kuwa hakutaka jina la Kiislamu katika daftari lake, alikuwa wa saba. Alikula mkia wa mukeke bila kunung'unika. Alitoka Ubwari, kwa wavuvi wa ziwani, na kwao samaki hakuwa zawadi ya mtu mwenye akili.

Miaka iliyotangulia, mwezi wa mwisho wa masomo, magari yalikuja. Lilikuja gari la kampuni ya pamba, la machimbo ya dhahabu, la serikali. Wageni walikunywa kahawa kwa mkuu wa shule, wakasoma orodha ya namba, wakaondoka na vijana wamesimama nyuma ya gari, wakitupungia kofia. Hatukuwahi kusikia kwamba mtu aliyemaliza pale alirudi kijijini kwao. Mwaka wetu tulifua mashati, tukayapiga pasi ya makaa, tukasubiri. Wiki ya kwanza ikapita. Wiki ya pili tukasikia gari, tukakimbilia uwanjani sote, hata mimi wa kwanza, na lilikuwa limeleta chumvi. Siku iliyofuata mkuu wa shule alitukusanya katika chumba cha kulia, meza zikiwa bado zinanuka majani ya muhogo, sombe ya mchana, akatuambia kwamba bei ya shaba imeanguka Ulaya, na ya pamba nayo imeanguka, na kwamba hali hiyo inaitwa crise, na kwamba tumwombe Mungu. Tukamwomba Mungu. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza shaba ya Katanga, ambayo hatukuwahi kuiona kwa macho, iliingiaje katika mashati yetu.

Baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilimsikia profesa akilieleza jambo hilo kwa mchoro ubaoni. Nyakati zikiwa mbaya, alisema, waliomo ndani hubaki ndani, na walio mlangoni hufungiwa, kwa kuwa ni rahisi zaidi kutomwajiri mtu kuliko kumfukuza. Mstari wake ulishuka, kisha ukapanda tena. Baada ya muda, akasema, kila kitu hurudi mahali pake. Nikamuuliza, mahali pa nani? Darasa likacheka, naye akafuta ubao. Lakini sikuwa nikitania. Mstari unaweza kurudi juu. Kijana aliyetimiza miaka kumi na minane katika mwaka wa mstari kushuka hatatimiza tena miaka kumi na minane mstari ukipanda. Yeye alikuwa mlangoni siku ile moja, na siku ile moja mlango ulikuwa umefungwa.

Na sisi hatukuwa na ruhusa ya kusubiri. Leo kijana asiye na kazi anaweza angalau kukaa kwa mjomba wake akitazama barabara. Wakati wetu mwanafunzi alisamehewa pamba, na mtu mwenye kitabu cha kazi kilichosainiwa na mwajiri alisamehewa pamba, ila mwanamume mwingine yeyote wa kijiji aliandikwa H.A.V., herufi tatu za Kifaransa zilizomaanisha mwanamume mzima mwenye nguvu. Kila H.A.V. alipimiwa shamba la pamba kwa kamba, apende asipende. Asiyelima alikwenda boloko, yaani gerezani. Kuhama kwenda kutafuta kazi mji mwingine kulihitaji karatasi, na karatasi ilitolewa kwa mwenye kazi. Mbegu za pamba ziligawiwa mwezi wa kumi na mbili. Sisi tulimaliza shule mwezi wa saba. Katika miezi ile mitano ilikuwa lazima mtu fulani asaini kitabu changu.

Barua ilikuja mwezi wa tisa, nikiwa nyumbani karibu na Nundu, nikijificha ndani kama mgonjwa. Vijana wanane wa darasa letu waliitwa Fizi, kwenye ofisi ya territoire, yaani ya wilaya. Fishi za sensa, zile kadi za kila mwanamume wa eneo zima, zilikuwa zimeliwa na mchwa na unyevu, na zilipaswa kuandikwa upya. Mmoja wetu angebakizwa kuwa karani msaidizi baada ya essai. Essai maana yake ilikuwa kufanya kazi bila mshahara ili waone kama unastahili mshahara. Nilisoma barua hiyo mara nyingi na sikuona tusi lolote ndani yake. Niliona "mmoja wetu", nikajua ni mimi.

Chumba walichotupa kilikuwa stoo nyuma ya ofisi, chenye meza moja ndefu, viti saba na sanduku moja, dirisha lisilofunguka vizuri, na picha ya mfalme kijana aliyevaa miwani. Ukuta wa upande mmoja ulikuwa wa mbao, na nyuma yake ndipo msimamizi, mkubwa wa territoire, alipokea wageni wake. Hakuna aliyetupanga, lakini asubuhi ya kwanza tulikaa kwa namba zetu za shule, mimi dirishani kando ya mbao, wa nane kwenye sanduku karibu na mlango. Kazi ilikuwa rahisi kiasi cha kukutia usingizi: jina, jina la baba, kijiji, chefferie yaani eneo la chifu, mwaka wa kuzaliwa, kazi, kisha zile herufi tatu. Fizi ni juu, kuna baridi asubuhi, na wino ulikuwa mzito kalamuni hadi jua lilipofika dirishani. Aliyetusimamia alikuwa karani mkuu, Bonifasi, mtu wa mbali, mwenye suruali ndefu iliyonyooshwa na sauti ya chini. Kila jioni alipima mafungu ya fishi zetu kwa rula, moja moja, wala hakusema neno. Hakuhitaji. Tuliona wenyewe fungu la nani lilikuwa refu.

Tulilala na kula kwa Mama Zaina, mjane mwenyeji wa mji wa Baraka aliyepanda Fizi kufuata mumewe polisi na akabaki huko baada ya kumzika. Kila mmoja alileta unga wa muhogo kutoka kwao, naye alitupikia bugali na ndakala, wale dagaa wa ziwani, siku nyingine sombe yenye mawese mengi. Siku ya kwanza nilinyoosha mkono kwenye sahani kabla ya wengine, kwa mazoea, akanipiga kidogo na mwiko. "Weye ni nani?"

"Mi wa kwanza," nilisema, na wenzangu wakaitikia kwa vichwa, kama jambo linalojulikana.

"Wa kwanza wa nini? Wa kwanza kuzaliwa?" Akampakulia wa nane. "Hapa kwangu namba haiko. Batoto ya kalamu, mukule, mutaumaliza lini huo muchezo wenu?"

Ni kwenye mkeka wa Mama Zaina, siku ya tatu au ya nne, ambapo Alimasi alisema jambo ambalo nimelibeba tangu hapo. Wakati wa likizo alikuwa akifanya kazi ya kupakua mashua kule Kazimia, na alituambia jinsi wapagazi wa pale wanavyofanya. "Mupagazi moja, gunia moja. Hata akuwe na nguvu ya ng'ombe. Ukibeba mbili, bengine banakaa chini, hakuna mwenye anabeba tena, mpaka uweke moja chini. Juu ukibeba mbili leo, kesho mwenye mashua anaita batu nusu."

"Sisi hatuko bapagazi," nilisema.

"Eh. Na pale ndani tuko nabeba nini?"

"Tunabeba majina," alisema mmoja, na wengine wakacheka.

"Basi, tubebe majina pole pole. Hii ni kazi ya mwaka muzima. Tukiimaliza mu miezi mbili, ule moja mwenye atabakia, atabakia kufanya nini?"

Nilikiona kikipita kwenye nyuso za wote, kile kitu alichosema, na nilihofu kwamba wangekubali. Nikasema, "Unasema vile juu uko wa saba."

Hakukasirika. "Sawa, wa kwanza. Kula samaki yako."

Siku mbili tulijaribu. Tulikubaliana fishi themanini kwa kila mtu, tukaandika themanini, tukanyoosha migongo, tukasimuliana habari. Sijui kama nimewahi kufanya kazi kwa raha kama siku zile mbili. Siku ya tatu Bonifasi alipita na rula yake, akasimama nyuma yangu, akasema taratibu, "Niliambiwa weye ni wa kwanza." Aliendelea na safari yake. Jioni ile nilikuwa nimeandika mia moja na hamsini. Kesho yake wa pili na wa tatu wakafika mia na hamsini, mimi nikafika mia mbili, na ndani ya wiki moja hakuna aliyenyanyua kichwa isipokuwa Alimasi, aliyeandika themanini zake kwa mwandiko safi na kuweka kalamu chini.

Nimejiuliza mara nyingi tulifundishwa nini shuleni. Wapagazi wa Kazimia, wasiojua kusoma, walijua jambo ambalo vijana wanane wenye diploma hawakulijua. Hawakuzaliwa na akili zaidi. Hakuna mtu aliyewahi kuwapanga kwenye meza kwa ukubwa wa samaki.

Jumapili moja Bonifasi aliniita kwake kula. Nyumba yake ilikuwa na meza yenye kitambaa, na saa ya ukutani, na kiti chenye mto. Mkewe alileta wali na kuku aliyepikwa kwa mawese na vitunguu, akarudi jikoni. Sikuwa nimeonja kuku tangu mwezi wa saba. Tulianza kula, kisha akasema, bila kuniangalia, "Nasikia kuko mwenye anafundisha bengine uvivu."

"Sijui, Bwana Karani."

"Unajua. Wa kwanza anajua kila kitu." Akachukua paja la kuku kutoka sahani kubwa, akaliweka kwenye sahani yangu. "Mi nikipeleka jina moja kwa mukubwa, nataka ikuwe jina ya mutu wa kazi. Unanisikia?"

Nikamtajia. Sikusema Alimasi. Nilisema Albert, kana kwamba jina la daftari lingemuumiza kidogo kuliko lake. Kisha nikala lile paja, nikalimaliza, nikavunja na mfupa.

Asubuhi ya Jumatatu Bonifasi alisimama mlangoni. "Albert, chukua kofia yako. Hauko mutu wa bureau." Alimasi hakuuliza kwa nini. Alifunika chupa yake ya wino, akasogeza kiti chake hadi mlangoni, akamwambia yule wa nane, "Kamata hii. Ile sanduku itakumaliza matako." Watu wakacheka, kisha wakakumbuka kuacha. Hakunitazama alipotoka. Nilisikia viatu vyake vya mpira kwenye changarawe, na Bonifasi akimfuata hatua chache akimwambia jambo kwa sauti ya chini, na nikachovya kalamu.

Wiki iliyofuata nililetewa sanduku la chefferie yetu, kijiji baada ya kijiji, na katikati ya asubuhi nikakuta fishi yangu mwenyewe, ya zamani, ile iliyokuwa na neno "mwanafunzi". Nikaandika jina langu, la baba yangu, la kijiji. Nilipofika kwenye mstari wa kazi nikaenda kumuuliza Bonifasi. Nilitaka aniambie niandike karani, au angalau niache wazi. Alisoma fishi, akanirudishia. "Andika cultivateur. Utabadilisha siku ile utapata kitabu." Nikarudi mezani. Nikaandika cultivateur, mkulima, na pembeni H.A.V., na niliandika vizuri kuliko fishi yoyote ya siku ile, mistari imenyooka, herufi kubwa zina mikia, kwa sababu nilifikiri msimamizi angeweza kuiona na kuuliza mwandiko huo ni wa nani.

Mwezi wa kumi na moja ndipo nilisikia yale ya nyuma ya ukuta. Mwakilishi wa kampuni ya pamba alikuwa amepanda kutoka ziwani, na mimi, niliyekaa kando ya mbao, niliyasikia maneno yao ya Kifaransa kama vile tumekaa meza moja. Vijana wako wanaandika kama mashine, alisema yule wa pamba. Wameniokoa, alijibu msimamizi, kazi ya mwaka watamaliza kabla ya Noeli, na ile nafasi ya karani nitaifuta, sina haja nayo tena. Na wao? Wana vijiji vyao, alisema msimamizi. Na wewe si ulitaka mashamba zaidi? Lazima, alisema mwingine, bei ikishuka lazima mizigo iongezeke. Kisha wakazungumzia betri ya gari. Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama watu wanaokisia kama kutanyesha.

Nilikuwa na wenzangu sita mezani. Wote waliandika, vichwa chini. Ningeweza kusema neno moja kwa Kibembe, hakuna mzungu angeelewa, na pengine tungeweka kalamu chini, tukaenda kwa Mama Zaina, tukafikiri. Zilibaki fishi za wiki tatu, na bila sisi zisingeandikwa. Sikusema. Nilijipangia hoja, kwa kuwa nilikuwa hodari wa hoja: wamesema wataifuta nafasi, lakini hawawezi kufukuza wote, atabaki mmoja, wenzangu wakikata tamaa, mimi nitaonekana zaidi. Nikaongeza mwendo. Najua baadhi ya wasomaji watasema nilikuwa mtoto. Sikuwa mtoto. Fishi yangu ilisema mwanamume mzima mwenye nguvu.

Tulimaliza wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili. Bonifasi alitupa kila mmoja karatasi yenye muhuri, iliyosema kwamba tulifanya kazi kwa bidii na nidhamu, na kwamba kwa sababu ya hali ya uchumi nafasi haipo. Zote zilikuwa na maneno yaleyale. Yangu haikusema kwamba nilikuwa wa kwanza. Wa nane aliikunja yake akaitia katika soksi, akasema, "Sasa sisi wote tuko namba moja."

Siku chache baadaye nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa kijiji chetu pamoja na wanaume wote, kila mmoja na jembe lake, mimi na jembe la kuazima. Monitere wa pamba, mkaguzi wa mashamba, alikuwa na kijisanduku cha fishi mpya. Alisoma jina, mtu akaitika, kapita, mnyapara wake, akamwonyesha kamba yake. Alipofika kwangu akasimama kidogo.

"Asukulu."

"Niko."

"Hii fishi nani aliandika? Mwandiko muzuri hivi."

"Mi."

"Weye?" Akamwonyesha kapita. "Tazama. Amejiandika yeye mwenyewe."

Watu wakacheka, hata shangazi zangu waliokuwa kando na vikapu vya mbegu. Si kicheko cha uadui. Ni kicheko cha watu ambao kwa miaka walisikia kwamba mtoto wao ataandika, na sasa wameona alichoandika. Hapo ndipo swali langu la kwanza likatoka, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Nilimuuliza monitere: kama pamba haina bei, na kama kwa ajili hiyo makarani hawahitajiki, juu ya nini mashamba ya mwaka huu ni makubwa kuliko ya mwaka jana? Kicheko kikakatika. Monitere alifikiri, na naamini kwa kweli alifikiri, kisha akasema, "Ulizo muzuri. Utaenda kuliuliza mu boloko." Nililala boloko siku tatu. Nilipotoka shamba langu lilikuwa palepale, kamba haijasogea, na nikalima. Mpaka leo sijapewa jibu lingine.

Baada ya mavuno, Alimasi alikuja. Sikumtafuta mimi, yeye alinitafuta. Alikuwa na kitabu cha kazi tangu Novemba, kimesainiwa na mwenye mashua mmoja wa Kazimia, kwa hiyo yeye, aliyefukuzwa kwa uvivu, ndiye pekee kati yetu wanane ambaye hakupimiwa pamba. Alikaa juu ya kinu kilichogeuzwa mbele ya nyumba yetu, akala bugali bila haraka. "Kuko fasi Kazimia," alisema. "Haiko ya kalamu. Tajiri atasaini." Nikaenda. Siku ya kwanza ufukweni nilitaka kuonyesha kwamba msomi naye ana mgongo, nikaomba gunia la pili juu ya la kwanza. Nilipiga hatua nne au tano. Kisha nikaona wale wapagazi, mmoja baada ya mwingine, wanakaa chini kwenye mchanga, wananitazama. Mashua ilibaki inayumba, imejaa nusu.

"Weka moja chini, Asukulu," alisema Alimasi.

Nikaweka. Wakanyanyuka, kazi ikaendelea. Sikumwambia kamwe kuhusu ile Jumapili. Miaka miwili baadaye wazungu waliondoka kwa pupa, na wale makarani ambao hawakuhitajika wakahitajika asubuhi moja. Diploma ileile, kichwa kilekile, mwandiko uleule, nikafanywa mkuu wa ofisi kabla sijanunua viatu, kisha nikapelekwa chuo kikuu. Ndiyo maana mtu akiniambia kwamba vijana hawana ujuzi unaotakiwa, nanyamaza ili nisimtukane. Alimasi alibaki Kazimia, akapata mashua yake, akahamia Baraka. Na juzi Jumatano mjane wake, Mama Mariamu, akinimiminia maji ya kunawa, alisema, "Shemeji, marehemu alikuwa anatuchekesha na ile ya kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku ya karani. Ule Bonifasi alimuambia siku ile ile, pale inje. Alisemaka, Asukulu aliniuza kwa paja ya kuku, lakini alikuwa na njaa ya kweli, na kuku ilikuwa kubwa." Akacheka kidogo, akafuta macho. Maji yakaendelea kumwagika juu ya mikono yangu iliyokwisha kuwa safi.

Kwa hiyo Alhamisi, Idi aliponiambia kwamba anafanya kazi ya watu wawili na kwamba watambakiza, sikumwambia kwa upole. Nilimsimulia yote, pale mkekani, mbele ya wazee, kwa hasira, na paja la kuku na ukuta wa mbao na fishi yangu. Nilimwambia kwamba crise ipo, sikatai, lakini kila crise huwa na mtu anayekaa nyuma ya ukuta akishukuru kwamba vijana wanaandika haraka. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, nilitegemea aseme kwamba siku hizi ni tofauti. Akauliza:

"Na bale bengine sita, babu? Siku ile ulisikia, ulibaambia?"

"Hapana."

"Hata baadaye?"

"Hata baadaye."

Alizungusha kikombe. Mkurugenzi wao, akasema, aliwauliza juzi kama ripoti za mwaka mzima zinaweza kwisha mwezi huu. Yeye alijibu kwamba kwa upande wake zinaweza. Kisha akasimama, akaenda hadi kwenye kona ya ukuta wa matofali, akatoa simu. Nilimsikia akitaja jina la mwenzake wa kwanza. Hakupokelewa. Akapiga kwa wa pili.